Amani Waliyoipanga Bibi Hayupo

Watu wakigombana hawanipi tabu. Wakipatana ghafla ndipo ninapoanza kuwaangalia vizuri. Ndivyo nilivyoumbwa, na mama yangu alikuwa akinisema tangu nikiwa msichana Mombasa kwamba nina macho ya askari kanzu. Kwa hiyo Jumapili ile, nilipomwona mtoto wa kiume wa bibi niliyekuwa nikimtunza akishuka kwenye gari moja na dada yake, wanacheka, yeye amebeba sinia la tambi na dada mtu anamfungulia mlango, niliacha kukunja nguo nikasogea dirishani.

Ndugu hao hawakuwa wakisemezana tangu nianze kazi katika nyumba ile ya Germantown, hapa Marekani. Mimi ndiye niliyekuwa posta yao. Kaka aliniambia nimwambie dada yake kwamba dawa ya presha imekwisha. Dada alinijibu nimwambie kaka yake kwamba anajua, hahitaji kukumbushwa. Mmoja akija, mwingine alikuwa ameshaondoka. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nyumba. Kaka alitaka iuzwe na mama yao ahamishwe. Dada, ambaye alikuwa akikaa ng'ambo ya mto huko Virginia, alishikilia kwamba mama hatolewi nyumbani kwake akiwa hai. Mimi nilikuwa upande wa dada, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Bibi mwenyewe alikuwa Mfilipino wa miaka themanini na kitu, mjane, aliyefundisha historia Manila mpaka alipostaafu akawafuata watoto Marekani. Nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza, kwa sababu jina tupu la mtu mzima kama yule haliwezi kutoka kinywani mwangu, na yeye akaniita anak, ambalo kwao ni mwanangu. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi ya kwao, lakini nikiyakumbuka maneno yake yananijia kwa Kiswahili, na ndivyo nitakavyoyaandika.

Kila asubuhi nilitoka kwangu Lanham kabla barabara hazijajaa magari, nikamkuta ameshaamka, ameketi kitandani ghorofa ya juu. Nilimwogesha, nikamvisha, tukashuka. Nyumba zile mpya za Germantown zimebanana, zimekwenda juu, na zina ngazi nyingi kuliko vyumba. Katikati ya ngazi Bibi alikuwa na kawaida ya kusimama, akaweka kiganja ukutani chini ya picha za marehemu mumewe na za watoto wakiwa wadogo, akanyamaza. Nami nilisimama hatua moja chini yake nikamwachia muda wake na watu wake. Tukifika chini nilimpikia chai yetu ya maziwa, tangawizi na iliki, nikaichemsha mpaka jiko zima likanukia nyumbani. Aliinywa yote. Hakuwahi kubakiza hata tone, na kila siku alisema asante.

Nilimpenda yule mama. Tena kazi ile nilikuwa nikiitegemea, na akiondoka yeye na kazi inaondoka naye. Nalisema hilo mapema kabla msomaji hajaanza kunishuku, maana ningekuwa mimi ningeshuku.

Basi Jumapili ile walikaa mezani, wakala tambi, na kabla sahani hazijakwisha wakaanza. Kaka alisema nyumba imekuwa mzigo. Dada akapiga meza. Kaka akasema ni rahisi kuipenda nyumba usiyoilipia gharama. Dada akamwambia hana haya. Sauti zilipanda kwelikweli, na Bibi alikaa katikati yao macho ameyainamisha kwenye sahani. Mimi nilikuwa kwenye sinki nimewapa mgongo, lakini kioo cha mikrowevu kilinionyesha kila kitu. Nikamwona dada, katikati ya maneno makali, akichukua kipande cha ndimu na kukikamulia kwenye sahani ya kaka yake. Hakuombwa. Kaka akaisogeza sahani kidogo ili ndimu imfikie vizuri. Na wote wawili wakaendelea kupiga kelele.

Hapo machale yakanicheza. Mtu uliyemkasirikia kweli humkamulii ndimu. Mwishowe dada alilia kidogo, akapangusa macho, akasema basi, amechoka, kaka afanye anavyotaka. Nikajiuliza, mwanamke ameshikilia neno moja muda wote huu, leo analiachia kabla hata ya matunda kuletwa mezani? Wakambusu mama yao, wakaondoka kwa gari lilelile walilokuja nalo.

Bibi alingoja mpaka mlango ukafungwa. "Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona nini, Bibi?" Sikutaka kuwa wa kwanza kuwasema watoto wa mtu.

"Vita," alisema. "Nimewahi kufundisha vita kama hivyo."

Akanisimulia huku nikimkata kucha. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Hispania ilikuwa imekaa nchini mwao kwa zaidi ya karne tatu. Wafilipino waliasi, wakapigana, wakatangaza kwamba wako huru. Wakati huohuo Marekani ikaingia vitani na Hispania kwa mambo ya Kuba, manowari zake zikafika Manila, na Wafilipino wakadhani wamepata rafiki. Ukabaki mji wa Manila wenyewe. Wahispania wamejifungia ndani ya kuta zake, Wafilipino wamewazingira nje. Mhispania alijua ameshindwa, ila aliona aibu kusalimu amri bila kupigana, na zaidi ya hapo hakutaka kuutia mji mikononi mwa watu aliowatawala. Wakapatana na Wamarekani chinichini. Mizinga ipigwe kidogo, bendera nyeupe ipandishwe, Wamarekani waingie, na Wafilipino wazuiwe wasiingie.

"Kwetu tungeita geresha," nikamwambia, nikamfafanulia maana yake. Alicheka mpaka ikabidi niache kucha nisije nikamuumiza.

"Geresha," alisema. "Lakini watu walikufa vilevile."

Baada ya hapo, alisema, Mhispania na Mmarekani walikaa Paris wakaandika mkataba wa amani. Kwa mkataba ule Hispania, iliyokuwa bwana mkubwa wa visiwa vile, ikaondoka, na Marekani, iliyokuwa ikijisifu kwamba yenyewe ilizaliwa kwa kumkataa mkoloni, ikawa na koloni lake Asia. Wafilipino walimtuma mjumbe. Alikuja hapahapa Washington, akaenda mpaka Paris. Chumbani hakuruhusiwa kuingia. Alitoa malalamiko yake, hakuna aliyemjibu. Na kabla amani yenyewe haijathibitishwa hapa Washington, vita vingine vikawa vimeanza, safari hii baina ya Wamarekani na Wafilipino.

"Sasa, Bibi, mbaya zaidi ni nani hapo? Mhispania au Mmarekani?"

"Wanafunzi wangu wote waliniuliza hilo," alisema. "Miaka yote niliyofundisha, hakuna aliyewahi kuniuliza mjumbe alikuwa akitaka kusema nini."

Nikahamia mkono wa pili. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza yangu. Sisi wa Pwani hadithi hiyo haitushangazi. Ukanda wetu nao ulipimwa kwa kidole juu ya ramani na watu waliokaa Ulaya wakinywa kahawa yao, wala hakuna babu yangu aliyeitwa kushuhudia. Nilichokuwa nikikitafuta ni sababu ya geresha ya Germantown, na nikaipata kabla sijamaliza kucha. Dada hakutaka mama aje aseme kwamba yeye ndiye aliyemuuzia nyumba. Alitaka aonekane amepigana akashindwa. Nilikasirika hata kikata kucha kikaniponyoka.

Jioni ile nilimpigia simu mwenzangu mmoja, Mkenya wa bara, anayetunza wazee kama mimi. Nilimweleza yote, ndimu, gari moja, machozi ya haraka.

"Wee, usijiingize kwa family business ya watu," alisema. "Wakikureport kwa agency utasema nini? Ati uliona mtu amekamua ndimu?"

"Wanamtoa nyumbani kwake na hawataki ajue."

"Na huyo shosho mwenyewe, amekushow anataka kustay?"

"Hajasema. Lakini najua."

"Unajua aje na hajasema?"

"Mimi ndiye ninayemwogesha," nikamjibu. Alicheka sana. Aliniambia sawa, lakini wakinifuta kazi nisimpigie nikilia.

Lile swali lake liliniudhi. Kwetu mtu mzima haulizwi kama anataka kuondoka nyumbani kwake. Kumuuliza tu ni sawa na kumfungulia mlango. Mgeni aliyekaa kwako mwezi mzima huwezi kumuuliza anarudi lini, sembuse mwenye nyumba. Unamtazama, unamsoma, unamfanyia. Mimi nilikuwa nimemsoma Bibi kila asubuhi pale ngazini, mkono ukutani, na nilijiona sihitaji zaidi ya hapo.

Ijumaa kaka akanipigia. Sauti laini kama ya mtu anayekuuzia kitu. Kesho ningeweza kumtoa mama akapunge hewa? Si karibu, alisema. Nimpeleke mpaka Bladensburg, ule upande waliokaa walipofika Marekani mara ya kwanza, akauone mto. Tusiwe na haraka, tule hukohuko, turudi alasiri. Huyu ni mtu ambaye nikimpeleka mama yake maktaba alikuwa akiniuliza kwa nini nisingechagua maktaba ya karibu, maana petroli ni yake. Sasa alikuwa akinituma kaunti nyingine kabisa na kunisihi nichelewe. Nikamwambia hakuna tabu. Baadaye nikakaa kwenye gari langu nimekasirika, kwa sababu nilielewa kazi niliyopewa. Mimi ndiye niliyewekwa nje ya ukuta kumzuia Bibi asiingie.

Jumamosi tulikwenda. Bladensburg ilikuwa na jua la baridi, na mto Anacostia ulikuwa rangi ya chai yenye maziwa machache. Nilimketisha kwenye benchi, nikamfunika miguu. Aliniambia zamani meli kubwa zilifika mpaka pale, kisha matope yakajaa zikashindwa. Mimi nilikuwa nikiitikia tu. Sikuweza kukaa, nikawa nasimama na kuketi.

"Bibi," nikasema hatimaye, "wanao wanakutana nyumbani leo. Wametutoa makusudi."

"Najua. Mwanangu hajawahi kujali kama nauona mto au siuoni."

"Basi turudi. Wasikuamulie wewe hupo."

Akanigeukia. "Unataka nirudi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi nirudishe," alisema, akanipa mkono nimwinue.

Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilijua huenda ile ikawa siku yangu ya mwisho ya kazi, na nilijiambia potelea mbali. Nitasema mbele ya wote kwamba mtu hagawiwi kama shamba. Tulipoingia barabara ya 270 foleni ikatukamata, nikawa napiga usukani kwa kiganja. Bibi alikuwa na mkoba wake mapajani, anatazama malori.

Nje ya nyumba kulikuwa na gari la tatu, jeupe, linang'aa. Nilimpandisha ngazi za mbele taratibu, akapumzika, tukaingia. Mezani walikuwapo kaka, dada, na mwanamke aliyevaa viatu virefu ndani ya nyumba ambayo sote tunavua viatu mlangoni. Dalali wa nyumba, nikamjua kabla hajajitambulisha. Walikuwa wakila keki. Walikuwa wakicheka, na kicheko kikakatika tulipotokea.

"Mmerudi mapema," alisema kaka, akinitazama mimi, si mama yake.

Hakuna aliyeinuka. Nikavuta kiti cha kichwani mwa meza mwenyewe, nikamketisha Bibi, nikasimama nyuma yake. Dada akashika mkono wa mama yake akaanza kueleza kwa sauti ya huruma. Wamechoka kugombana, alisema. Wamepatana. Nyumba itauzwa, na mama atakaa kipupwe kwake Virginia na kiangazi kwa kaka, ili asiwepo anayehisi ameonewa. Wamefanya hivyo kwa ajili yake, ili azeeke akiwaona watoto wake wana amani.

Kipupwe kwa huyu, kiangazi kwa yule.

"Bibi haondoki nyumbani kwake!" nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nyinyi mmepatana, yeye mmemwuliza? Kila siku mimi namwona pale ngazini anavyoishika hii nyumba. Anaipenda. Mkimtoa hapa mtamuua."

Dalali aliweka uma chini. Kaka alifungua kinywa, na nilijua kinachokuja, lakini Bibi alitangulia. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka mpaka ukanipata, akaushika mkono wangu.

"Anak," alisema, "nani amekwambia?"

Sikuelewa. Nilidhani anauliza nani ameniruhusu kusema.

"Nani amekwambia siondoki?" aliuliza tena, kwa upole uleule. Halafu akawageukia watoto. "Zile ngazi nimezichoka tangu baba yenu afariki. Kila asubuhi nikifika katikati magoti yanagoma, nashika ukuta, namwomba Mungu nisianguke nikamwangukia huyu aliye chini yangu. Pale Lanham, karibu na kanisa, kuna jengo la wazee lenye lifti. Rafiki ninayecheza naye mahjong anakaa hapo. Nataka chumba changu hapo, na mlango wangu, na ufunguo wangu. Sitaki kipupwe kwako wala kiangazi kwako. Uzeni nyumba."

Dada alikuwa akilia, na safari hii hayakuwa machozi ya haraka.

"Mbona hukutuambia, Mama?" aliuliza.

"Mlikuwa mkipigana. Nilingoja mmalize, mtu aniulize." Akamtazama binti, akamtazama mwana, kisha akageuza shingo kwa shida mpaka akaniona na mimi. Alinitazama kwa muda uleule aliowatazama wao.

Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya katika nchi hii. Nilikuwa nimemshuku kaka, nikamshuku dada, nikamshuku hata yule dalali kwa ajili ya viatu vyake. Na mimi niliyejiona natetea haki nilikuwa nimemgeuzia gari Bladensburg bila kungoja aseme mwenyewe anataka kwenda wapi, nikaingia na tamko lake mdomoni mwangu. Adabu yangu ilinikataza kumuuliza. Adabu yake ilimkataza kusema bila kuulizwa, akabaki kunifundisha historia huku namkata kucha, na mimi nikawa mwanafunzi kama wale wengine. Niliumia pia, sitaficha. Katika mambo yote aliyosema anayataka pale mezani, mimi sikuwamo.

Kaka hakunishtaki popote. Nadhani na yeye aliona haya. Nyumba ilipata mnunuzi upesi, na mimi nikafungasha vyombo, nikafunga picha za ngazini kwa magazeti. Jengo la Lanham lina wahudumu wake, kwa hiyo wakala wangu alinitafutia mzee mwingine, na kwa Bibi ikabaki asubuhi moja kwa wiki, ya kumwogesha na kumchana nywele. Kwa mara ya kwanza nafika kazini kwa dakika chache kutoka kwangu. Nilikuta ameweka meza ya mahjong dirishani na kiti kimoja kizuri, na ufunguo wake anauvaa shingoni kwa uzi mwekundu.

Asubuhi yangu ya kwanza pale, nilipomaliza kumvisha, niliingia katika jiko lake dogo, nikaweka sufuria ya maziwa, nikatoa mkobani iliki niliyokuja nayo. Nikaishika mkononi. Nikalizima lile jiko, nikarudi chumbani nikasimama mbele yake.

"Bibi," nikasema, na kwa mtu aliyelelewa kama mimi maneno hayo yalikuwa mazito kuyatoa, "unataka kunywa nini?"

"Kahawa," alisema, papo hapo.

Nilifungua kabati zote. Kahawa haikuwamo hata punje, kwa sababu vitu vya jikoni nilivifungasha mimi, na miaka yote ile sikuwahi kumnunulia. Nikachukua funguo za gari nikaenda dukani.